Habari Haina Budi Kuwa na Mwenyewe

Alfajiri katika mwalo wa Kirumba, kabla jua halijapanda juu ya majabali ya Mwanza, kazi huwa imekwisha pamba moto. Maboti yatokayo visiwani yashusha dagaa na samaki wakavu, wapagazi wapishana na magunia mabegani, na wachuuzi wapatana bei kwa sauti kubwa. Zamani mtu aliyeingia mahali hapo alisalimu, kisha akauliza habari za ziwani. Na aliyemjibu alikuwa ni mtu aliyetoka ziwani usiku ule ule, nguo zake zingali mbichi. Siku hizi salamu hazijakoma, wala haziwezi kukoma katika nchi hii. Lakini kabla mtu hajauliza, mkono umekwisha ingia mfukoni, simu imekwisha washwa, na habari za ziwani zimekwisha somwa: bei ya dagaa huko Musoma, upepo wa Ukerewe, mtumbwi uliozama, na mtumbwi ambao haukuzama bali yasemekana umezama.

Hatuandiki haya ili kuilaumu simu. Mchuuzi ajuaye bei ya Musoma kabla hajanunua Kirumba hapunjwi kwa urahisi, na mvuvi aliyeletewa utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa aweza kubaki nchi kavu akaiona kesho. Hiyo ni neema, na aikataaye neema hana shukrani. Linalotushughulisha ni jambo jingine. Habari zimekuwa nyingi kuliko wakati wowote uliopita, na kadiri zinavyozidi ndivyo watu wanavyozidi kuzitilia shaka. Kiwandani, bandarini, ofisini na mwaloni watu wasoma sana, waambiana sana, lakini wauliza kila saa: je, ni kweli?

Tumejiuliza sababu, na jibu tumelikuta katika historia ya ziwa letu wenyewe. Habari huaminiwa inapokuwa na mwenyewe, yaani mtu aliyeiona, akaihesabu, akaiandika, na aliye tayari kuulizwa juu yake. Na mtu huyo, mara nyingi, si mwandishi wa gazeti wala mtangazaji wa redio. Ni karani, mpimaji, nahodha, muuguzi, msimamizi wa zamu. Habari ya kweli huanzia kazini, katika daftari, kabla haijafika gazetini.

REDIO MOJA, MASIKIO MENGI

Utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam mwaka 1951. Kwa miaka mingi baada ya hapo redio ilikuwa ni chombo cha watu wengi kwa pamoja. Mwenye redio aliiweka dirishani au barazani, na majirani wakaja na vigoda vyao. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilisikilizwa na watu kumi, na asubuhi yake wale kumi waliikuta kazini tena, wakaijadili wakati wa chai. Aliyesikia vibaya alisahihishwa na mwenziwe, maana wote walisikia sauti moja na saa moja.

Hata matangazo ya vifo ya Radio Tanzania yalikuwa na adabu yake. Yalitaja jina la marehemu, mahali alipofia, na majina ya jamaa waliokuwa wakipelekewa habari. Msikilizaji wa Geita au Sengerema alijua nani kasema na nani kaambiwa. Hakuna aliyetangaza kifo cha mtu kwa neno "nimesikia".

Mwaka 1973 taifa lilifanya kampeni ya "Mtu ni Afya", na watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasomewa kijitabu, watu wakabishana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi karibu na nyumba, kuyalinda maji ya kunywa. Kwa desturi hiyo habari haikuwa kitu cha kumeza tu. Ilikuwa ni kitu cha kutafuna pamoja, na mwisho wake ulikuwa ni kazi.

Lakini tusijidanganye kwamba zamani kila neno lililotoka redioni au lililobandikwa ubaoni liliaminiwa. Wazee wa Usukuma wakumbuka kwamba tangu mwaka 1954 hata 1958 serikali ya kikoloni ilikizuia chama cha TANU kuendesha matawi katika Jimbo la Ziwa. Chama hakikufa kwa sababu hiyo. Habari zake zilipita kwa midomo, minadani, safarini na katika mikutano ya wakulima wa pamba. Mwenye ubao wa matangazo alikuwa ni mtawala, na watu walimpima mtawala kwa vitendo vyake kabla hawajausoma ubao wake. Tena redio moja ilikuwa na mdomo mmoja. Lisilosemwa na mdomo huo halikujulikana. Kwa hiyo, vituo vya watu binafsi vilipoanza katika miaka ya 1990, na Mwanza ikapata Radio Free Africa na baadaye Star TV, watu wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Basi tusiitamani redio ya zamani kwa kuwa ilikuwa moja. Tuitamani desturi iliyoizunguka: kusikia pamoja, kuulizana, na kumjua msemaji.

MELI ISIYO NA ORODHA

Hakuna mahali ambapo jambo hili laonekana wazi kama katika misiba ya ziwa letu. Twaomba radhi kwa wafiwa kwa kuyarudia majina haya, lakini mafunzo yake ni mali ya watu wote.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilizama ilipokaribia Mwanza. Meli ile ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yake ilionyesha watu 443. Abiria wa daraja la tatu, ambao ndio waliokuwa maskini zaidi, hawakuwa na orodha. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, na wengine ziwa halikuwarudisha.

Wakati ule simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika mikononi mwa watu wa kawaida. Watu walikusanyika bandarini, wakaitega redio sikio, wakasubiri. Na mpaka leo kila asimuliaye ana hesabu yake: huyu atasema waliokufa ni zaidi ya 800, yule atasema ni karibu 1,000. Wengine huwalaumu waandishi wa habari kwa kutofautiana. Sisi twasema kwamba mwandishi hawezi kuandika hesabu ambayo karani hakuiandika. Kosa halikuanzia gazetini. Lilianzia mlangoni mwa meli, mahali ambapo mtu alipanda na jina lake halikupanda daftarini.

Miaka 22 ikapita. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikitoka Bugolora, kikiwa kimekaribia gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Kivuko kile kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa walikuwa 228, na waliookolewa 41. Safari hii simu zilikuwapo. Picha na sauti zilisambaa siku ile ile, na vilio vya Ukara vilisikika Dar es Salaam na hata ng'ambo. Ungedhani kwamba kwa wingi huo wa habari kila kitu kingejulikana upesi. Haikuwa hivyo. Swali la kwanza ambalo kila ndugu aliuliza, "Walikuwamo wangapi, na ni nani?", halikuwa na wa kulijibu. Jioni ya kwanza zilitajwa makumi, kesho yake mamia, na hesabu ikapanda siku kwa siku kadiri miili ilivyotolewa majini.

Hapa ndipo somo lilipo. Kati ya mwaka 1996 na 2018 vyombo vya kupashana habari vilibadilika kabisa. Desturi ya mlangoni mwa chombo haikubadilika vya kutosha. Simu elfu moja haziwezi kufanya kazi ya daftari moja.

ORODHA ILIPOKUWAPO

Sasa tuutazame msiba wa tatu. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Wavuvi ndio waliotangulia kufika, wakawatoa watu kwa mitumbwi na kwa mikono yao. Picha zilienea mara moja, na pamoja nazo zikaenea hesabu za kila namna. Hata viongozi wa mahali pale walitaja kwanza watu 26 waliookolewa.

Lakini ndege ilikuwa na orodha. Walikuwamo watu 43: abiria 39 na wafanyakazi 4 wa ndege. Kwa sababu hiyo haikuchukua siku nyingi kuufikia ukweli. Waliokufa walikuwa 19, waliopona 24, na wale 2 waliozidi katika hesabu ya kwanza walielezwa kuwa ni watu walioumia wakisaidia uokozi, ambao hawakuwamo ndegeni hata kidogo. Kosa lilitokea, likaonekana, likasahihishwa, na kila mtu akaelewa limetoka wapi.

Msomaji na ailinganishe misiba hii mitatu. Katika miwili ya kwanza uvumi ulikaa miezi na miaka, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuupimia. Katika wa tatu uvumi ulikuwa na maisha mafupi. Watu hawakuwa wakweli zaidi mwaka 2022 kuliko mwaka 1996, na simu hazikuwa na busara zaidi. Tofauti ni kwamba kuna mfanyakazi mmoja aliyefanya kazi yake: aliandika majina.

UVUMI WA KIWANDANI

Tukitoka katika misiba tuingie katika siku za kawaida, maana huko ndiko imani hujengwa au hubomolewa kidogo kidogo.

Natuseme kuna kiwanda cha kuchakata minofu ya sangara, mahali popote katika jiji letu. Twatoa mfano tu. Samaki wamepungua kwa majuma mawili. Wafanyakazi waona mashine moja imesimama, na magari ya mizigo hayaji kama kawaida. Wakubwa wajua sababu, lakini wameona afadhali wanyamaze mpaka mambo yawe wazi. Usiku mtu mmoja aandika katika kundi la WhatsApp la wafanyakazi: "Nimeambiwa mwisho wa mwezi watu mia wanapunguzwa." Hakutaja aliyemwambia. Kabla ya alfajiri neno hilo limekwisha fika katika makundi kumi, na limeongezewa tarehe, jina la mnunuzi wa kiwanda, na picha ya barua isiyo na muhuri. Asubuhi wafanyakazi wafika wakiwa wamenuna. Mama mmoja amekwisha kopa fedha kwa hofu. Kijana mmoja amekwisha kubali kazi nyingine yenye mshahara mdogo. Saa nne meneja atoka akiwa na hasira, auliza nani mzushi, na kutoka siku hiyo kila mtu aogopa kuandika hata neno la kweli.

Nani mwenye kosa hapa? Aliyeandika ana kosa, maana alitoa habari isiyo na mwenyewe. Lakini kosa lililotangulia ni la ukimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 38, yamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mara tu anapolifikiria jambo hilo, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe. Sheria haikusema anyamaze mpaka awe na hakika. Aliyeitunga alijua kwamba pahali pasipo na neno la kweli hapabaki patupu, hupandwa jingine.

Lipo na jambo la pili. Katika sehemu nyingi za kazi, amri na matangazo yamehamia katika simu. Zamu hubadilishwa usiku kwa ujumbe wa sauti, mkutano huitwa kwa neno moja, na msimamizi akiulizwa hujibu, "Nilituma kwenye kundi." Je, mwenye simu ya kitochi afanyeje? Na yule ambaye kifurushi chake kilikwisha jioni? Na mama aliyelala mapema kwa sababu zamu yake yaanza saa kumi na moja alfajiri? Tangazo lililobandikwa ubaoni, lenye tarehe na saini, husomwa na wote, na kesho bado liko pale pale. Ujumbe wa simu hupita kama maji ya mto, na aweza kuufuta yule yule aliyeuleta. Kutuma si kuarifu. Mtu ameshaarifiwa anapokuwa amesikia, ameelewa, na amepata nafasi ya kuuliza.

Nchi yetu si ngeni katika jambo hili. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukawakemea viongozi wenye kiburi na dharau kwa wanaowaongoza. Mabaraza yale yalikuwa na upungufu wake, na mengine yaligeuka mahali pa kupokea maagizo. Lakini wazo lenyewe lilikuwa jema: mfanyakazi asikie habari za kazi yake kutoka kwa mtu aliyesimama mbele yake, ambaye aweza kumnyoshea mkono na kumwuliza.

MZANI WA PAMBA

Watu wa Mwanza walilijua somo hili kabla ya simu, na kabla ya redio kufika vijijini. Walifundishwa na mzani.

Pamba ndiyo iliyoupa Usukuma fedha. Mkulima alipeleka mzigo wake kwa mnunuzi, mzani ukasema neno moja, na moyo wa mkulima ukasema jingine. Hakuwa na njia ya kubishana, kwa kuwa mzani ulikuwa wa mnunuzi, daftari lilikuwa la mnunuzi, na kalamu pia. Uvumi juu ya mizani ulikuwa mwingi, na kelele peke yake hazikuuponya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walifanya jambo la busara kubwa: walijiwekea wapimaji wao wenyewe wasimame karibu na mzani, watazame, waandike. Kutokana na mwamko huo vyama vya ushirika vikaenea, na mwaka 1955 kikaundwa chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Victoria, kikiongozwa na Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika vya Waafrika katika bara hili.

Wala imani ile haikuwa ya milele. Ushirika nao ulipokua, na madaftari yake yakawa hayaonyeshwi kwa wenye mali, manung'uniko yalirudi, mpaka mwaka 1966 serikali ikaunda kamati maalum ya kuvichunguza vyama. Mzani ulikuwa wa wakulima, lakini daftari lilikuwa limefungiwa tena. Imani hairithiwi, kila msimu ina mavuno yake.

Samaki nao wametufundisha hayo hayo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia kununua samaki wa Ziwa Victoria, kwa hofu kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitumia sumu. Habari iliyoanzia mbali ilifika katika sufuria za watu wa Mwanza: viwanda vilipungukiwa na kazi, na mvuvi mwaminifu aliumia pamoja na mwovu. Hotuba za kuwaambia wazungu kwamba samaki wetu ni wazuri hazikutosha. Kilichotakiwa kilikuwa ukaguzi, vipimo na kumbukumbu zilizoandikwa, na ndiyo maana leo Nyegezi ina maabara ya taifa ya ubora wa samaki. Mnunuzi aliye mbali hawezi kuuona uso wa mvuvi, lakini aweza kuisoma karatasi ya mpimaji.

KIMYA HAKIZUII NENO

Lipo kosa moja ambalo viongozi wa kila ngazi hulirudia, kuanzia msimamizi wa zamu hata mkuu wa ofisi kubwa. Hudhani kwamba jambo lisiposemwa litatulia. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini, takwimu za taifa zilitolewa kwa mara ya mwisho tarehe 29 Aprili, zikionyesha wagonjwa 509 na vifo 21. Kisha zikanyamaza kwa zaidi ya mwaka mmoja. Je, watu waliacha kuzungumza juu ya Korona? Hasha. Katika kila kundi la simu kulikuwa na hesabu, na kila hesabu ilikuwa ya kubuni, ndogo mno au kubwa mno, kwa sababu ile ya kupimia haikuwapo. Kadhalika, intaneti ilipokatwa nchini kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, hata ilipoanza kurejea tarehe 3 Novemba, watu hawakukosa maneno. Walikosa njia ya kuyapima.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wazushi hupenda sana kujikinga na methali hiyo. Lakini methali haikusema kila lisemwalo ni kweli. Ilionya kwamba neno linalozungumzwa na wengi lina asili mahali fulani, na mwenye busara huitafuta asili hiyo badala ya kuwatafuta wasemaji awatishe.

Na sisi wa magazeti tusijitoe katika hukumu hii. Mwezi Agosti 2021 gazeti la Uhuru, lililo mali ya Chama Cha Mapinduzi, lilichapa katika ukurasa wake wa kwanza habari kwamba Rais hana nia ya kugombea mwaka 2025. Chama chenyewe kikasema maneno hayo si yake, kikalisimamisha gazeti kwa siku 7, na serikali ikaisimamisha leseni yake kwa siku 14. Waweza kuwa na maoni yako juu ya adhabu ya kulifunga gazeti. Wapo wasemao, na hoja yao si ndogo, kwamba dawa ya kosa la gazeti ni masahihisho na wala si kufuli. Lakini juu ya asili ya kosa hatuwezi kubishana. Kama gazeti la chama laweza kukosea juu ya maneno ya kiongozi wa chama hicho hicho, basi hakuna aliye karibu mno na ukweli hata asihitaji kuuliza mara ya pili.

YATUPASAYO

Tungependa kumaliza kwa mambo machache yanayowezekana kesho asubuhi, bila kungoja fedha wala sheria mpya.

Kwanza, kila mfanyakazi apokeapo neno katika simu yake ajiulize maswali matatu: Nani ameona? Lini na wapi? Nani wa kuulizwa? Neno lisilo na jibu hata moja kati ya hayo lisipite mkononi mwake kwenda kwa mwingine. Si lazima alitukane, wala si lazima amwaibishe aliyemletea. Lifie kwake tu, kama moto uliokosa kuni.

Pili, mwenye kuongoza kazi aseme mapema, hata kama analolijua ni kidogo. Neno "mpaka sasa twajua haya, na Ijumaa tutawaambieni zaidi" lina heshima kubwa likitimizwa Ijumaa. Asiseme kwa simu peke yake. Atumie simu, ubao na mkutano pamoja, ili mwenye kitochi na mwenye simu janja wawe na haki moja.

Tatu, kundi la simu la kazini liwe na mtu anayejulikana ambaye matangazo ya kazi hutoka kwake, na tangazo lolote lenye kugusa mshahara, zamu au usalama liwe na jina na tarehe. Mazungumzo na mizaha yawe na kundi lake. Sokoni twatenga mahali pa samaki na mahali pa mboga. Kwa nini tusitenge habari na porojo?

Nne, na hili ndilo kubwa, tuwaheshimu watu wa daftari. Karani wa kivuko anayeandika majina wakati abiria wamsukuma, mpimaji anayekataa kuzidisha kilo, muuguzi anayeandika chanzo cha kifo kama kilivyo, hao ndio waandishi wa habari wa kwanza wa nchi hii. Karani akisema, "Chombo kimejaa, hatupokei mtu zaidi," asitukanwe na abiria wala asikaripiwe na mkubwa wake. Siku ya salama kazi yake yaonekana kama usumbufu. Siku ya msiba ndiyo tofauti kati ya taifa linalojua limewapoteza nani na taifa linalokisia.

Tangu mwezi Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa, na maelfu ya watu ambao zamani walingoja kivuko sasa wapita juu ya maji kwa magari. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini Ukara bado ni kisiwa, na Ukerewe, na Kome, na vingine vingi, na kila siku kuna mtu anayepanda chombo akiwa amemwachia mwenziwe neno, "Nikifika nitakupigia." Mwenziwe aishika simu mkononi, angoja. Simu hiyo haitamfaa kitu endapo, siku mbaya ikija, jina la mpenzi wake halimo katika daftari la mtu yeyote.

Kwa hiyo, tukiwa tunadai ukweli kutoka kwa magazeti, redio na serikali, kama ilivyo haki yetu, tuanze kuuandika mahali tulipo. Abiria na ataje jina lake. Karani na aliandike. Nahodha na aisome orodha kabla hajang'oa nanga. Habari njema na habari mbaya zote zitakuwa na mwenyewe, na zikiwa na mwenyewe zitaaminiwa.